Kiingereza cha Eunike

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, Eunike alichota maji kwenye mfereji ulioteremka kutoka Mlima Meru, akawakatia ng'ombe majani ya migomba, kisha akawafundisha wenzake Kiingereza. Ada ilikuwa ndizi mbivu moja.

Siku hizo Wadachi ndio waliotawala kutoka boma la Arusha, na Kiingereza kilikuwa adimu kama meno ya kuku. Eunike alikipata kwa mjomba wake Naftali, mpagazi aliyewahi kufika Taveta na msafara wa Mwingereza.

"Akitaka maji, husema 'get'," Naftali alimsimulia. "Akituamsha, 'get'. Akimfukuza mbwa, 'get' vilevile."

Eunike alitafakari jambo hilo kwa uzito wote unaostahili, akakata shauri kwamba Kiingereza ni lugha ya neno moja. Basi yeye alikuwa amekihitimu.

Siku moja mfereji ukakauka. Mwingereza mmoja, mwindaji, alikuwa amepiga hema kule juu, akaziba maji kwa mawe ili apate bwawa la kuogea. Wapagazi wake walikuwa wameteremka Arusha kununua unga, na Naftali alikuwa pamoja nao. Siku hiyo ilikuwa zamu ya maji ya Bibi Susana, nyanyake Eunike, ambaye maharage yake yalikwisha kuanza kunyauka. Zamu ikipita, imepita. Ya pili ingeyakuta yamekufa.

"Mjukuu wangu, si unajua Kiingereza?" akauliza Mzee Kaanaeli, msimamizi wa mfereji. "Twende ukatusemee."

Walimkuta Mwingereza ameketi juu ya sanduku. Eunike alikohoa kama mchungaji anayetaka kuanza mahubiri.

"Get!" akasema, akiinua mikono.

Mwingereza akasimama.

"Get!" akaonyesha maji.

Mwingereza akamletea maji ya kunywa kikombeni. Eunike akayanywa, maana adabu ni adabu. Kisha mgeni akamwaga maneno mengi kama mvua ya masika, na ndani yake "get" halikusikika hata mara moja.

"Amesemaje?" Mzee Kaanaeli akauliza.

Eunike alihisi masikio yanawaka moto. "Anasema… atafungua kesho, babu."

Wakateremka. Bibi Susana alizipokea habari hizo akiwa amechuchumaa kando ya maharage yake.

"Kesho yatakuwa yamekwisha kufa haya," alisema polepole. "Lakini asante, mjukuu wangu, kwa kunisemea."

Afadhali angemchapa. Ile asante ilimchoma Eunike kuliko upupu. Alikimbia hadi kwenye uzio, akachuma jani la isale, lile ambalo watu wa Meru humpelekea mtu waliyemkosea, akampa Mzee Kaanaeli kwa mikono miwili.

"Babu, nisamehe. Nilidanganya. Sikuelewa hata neno moja. Sijui Kiingereza."

Mzee alilitazama jani, akamtazama Eunike. "Hata neno moja?"

"Nusu, babu."

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. "Jua bado lipo. Turudi."

Safari hii Eunike aling'oa mche mmoja wa maharage ulionyauka. Alipofika, hakusema kitu. Aliuweka mche kiganjani mwa Mwingereza, akaonyesha mawe, kisha akaonyesha shamba la bibi yake kule bondeni. Mwingereza alitazama huko kote, uso ukamwiva kama pilipili. Akavua viatu, akaingia bwawani na kuanza kuyaondoa mawe kwa mikono yake mwenyewe.

Maji yalishuka kwa kishindo, na watoto wakashindana nayo mbio. Bibi Susana aliyapokea kwa jembe, akiimba.

"Eunike," akasema Mzee Kaanaeli, "ni neno gani lililofungua maji leo?"

"Hakuna, babu. Sikusema neno."

"Ulilisema. Ulisema 'sijui'. Ungelificha hilo, tungelala tukimngoja mtu ambaye hakuahidi kitu. Asemaye 'sijui' hufundishika na kusaidiwa. Anayejifanya anajua huwakausha na wenzake."

Jioni Naftali alirudi, unga begani. Eunike alimkimbilia.

"Shikamoo, mjomba! Hilo 'get' hasa maana yake ni nini?"

Naftali aliutua mzigo, akakuna kichwa.

"Kusema kweli, mwanangu… sijui."

"Vizuri!" akasema Mzee Kaanaeli. "Sasa anzeni kujifunza wote wawili. Na wewe Eunike, kwanza uwarudishie wenzako ndizi zao."