Ujumbe wa Evelyn kwa Bibi

Clotilda anauza ndoo na chupa za chai Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Binti yake, Evelyn, yuko kidato cha pili. Walihamia Ilala mwaka jana kutoka Rombo. Bibi alibaki kule.

Kila Jumapili Evelyn alimtumia bibi ujumbe wa sauti. Alimweleza habari za shule na joto la Dar. Alimwambia jinsi alivyotamani baridi ya nyumbani. Mara nyingine alilia kidogo.

Kisha Jumapili mbili zikapita kimya. Bibi akampigia Clotilda dukani.

"Mjukuu wangu anaumwa? Nashinda na simu mkononi."

Evelyn alikuwa hapo hapo dukani. Mama alipomuuliza, aliinamisha kichwa, akampa simu yake.

Rafiki yake, Sitara, aliwahi kuiazima. Akauchukua ujumbe mmoja wa Evelyn kwa bibi, akaurusha kwenye grupu la darasa. Wenzao wakauwekea muziki. Wakaiga lafudhi yake. "Mshamba analilia migomba," mmoja aliandika.

"Simu hii huishiki tena!" mama alifoka. "Na huyo Sitara nitamfuata kwao."

"Ndiyo maana sikutaka kukwambia, mama."

Jirani yao Mboni alikuwa anachagua ndoo. Yeye ni afisa ustawi wa jamii.

"Taratibu, Mama Evelyn. Ukimnyang'anya simu, unamwadhibu aliyeumizwa. Kesho akipata tatizo atakuficha."

"Sasa niwaache tu?"

"Usiwaache. Evelyn, umewajibu?"

"Hapana, shangazi."

"Vizuri. Usijibu matusi. Usifute kitu kwanza. Piga picha ya skrini, majina na tarehe vionekane. Kisha wazuie wanaokutukana. Kesho mama apeleke ushahidi kwa mwalimu. Wakitishia kukudhuru, nendeni polisi, dawati la jinsia na watoto. Na ipo namba 116 ya kusaidia watoto. Kupiga ni bure."

Akamtazama. "Kinachokuuma zaidi ni nini?"

"Sitara," Evelyn alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa namwambia kila kitu. Nashindwa hata kumchukia."

Jioni ile alimpigia bibi, akamsimulia yote. Bibi alisikiliza.

"Waache wacheke," alisema. "Mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

Kesho yake mama alikwenda shuleni na ushahidi. Mwalimu Vitalis aliwaita wanafunzi na wazazi wao. "Hata wewe uliyecheka na kusambaza, umo kwenye kosa hili," aliwaambia. Kila aliyeutuma ujumbe ule aliufuta, akaomba radhi. Kejeli zikakoma.

Jumamosi Sitara alikuja dukani peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Clotilda alijibu, akaendelea kupanga bidhaa.

"Evelyn, nisamehe. Nilitaka wanione na mimi najua kuchekesha."

"Bado inaniuma."

"Najua."

Wateja walipita, wakauliza bei, wakaondoka.

"Wiki zote hizi sikuwa na mtu wa kuongea naye," Evelyn alisema mwishowe. Akasogea pembeni ya benchi. "Kaa."