Masikio ya Panya Namba Saba

Paaa!

Chupa ilipasuka chumba cha pili. Vigae vikasambaa sakafuni, kisha droo ikavutwa kwa hasira mpaka ikachomoka na kuanguka kwa kishindo. Halafu ikaja sauti ya mwanamume:

"Nani ameingia kwenye droo yangu?"

Nukta hakubandua macho kwenye kompyuta. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara, maana hakuna andiko lililopita mikononi mwake likatoka na kosa. Aliyekuwa akipiga kelele ni Bingwa, mtafiti mwenzake na mchumba wake. Zilibaki wiki tatu awe mume wake.

"Nakuuliza wewe!"

"Nimeingia mimi. Nimechukua kadi ya kamera."

Bingwa alitokea mlangoni, koti jeupe limelowa dawa, vidole vinachuruzika damu kwa kukatwa na chupa.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya jarida la utafiti. Wametaka picha asilia, zisizokatwa pembeni. Nimekuomba tangu Jumatatu, kila siku unaniimbia kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo, na mwisho ni saa kumi na moja. Sasa hivi saa tisa. Ulitaka nizichore?"

Ilikuwa Jumamosi, jengo zima tupu. Wiki nzima Nukta alikuwa amelifua andiko lile kama nguo ya harusi. Mistari ameipa nafasi mbili na namba pembeni. Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, ilikuwa na maneno mia tatu na kumi, ameibana hadi mia mbili na hamsini. Marejeo sitini na mawili ameyapanga upya, moja baada ya jingine, na majedwali ameyang'oa katikati ameyapeleka mwisho. Zilibaki picha tu, picha za panya weupe waliochomwa mgongoni wakapakwa dawa ya majani waliyoitengeneza wenyewe, dawa ya watu walioungua.

"Njoo uone," alisema Nukta. "Huyu nani?"

"Panya."

"Panya gani?"

"Usianze, Nukta. Namba saba, siku ya kumi na nne. Si umeandika mwenyewe hapo chini?"

"Namba saba nilimtoboa sikio la kushoto matundu mawili, kwa mkono huu. Akaning'ata, kovu ninalo mpaka leo. Haya, nionyeshe matundu."

Bingwa aliitazama picha. Ilikuwa kubwa, imejaa kioo kizima, na sikio la panya limesimama zima bila hata mkwaruzo. Kwenye picha za mwanzo alikuwa amekata vichwa vyote, ukabaki mgongo peke yake.

"Yameziba," alisema.

"Yameziba? Sikio ni ukuta, limepigwa lipu?"

"Usinifanyie mzaha!"

"Wewe ndiye unayenifanyia mzaha. Panya sita hawa hawana alama. Mgongo umenyolewa, ngozi laini kama ya kitoto kichanga. Hawajawahi kuungua hata siku moja. Umewatoa kwenye kizimba cha akiba ukawapiga picha. Wa kwangu wako wapi?"

Bingwa alifuta vidole vyenye damu kwenye koti. Feni ya kompyuta ilivuma.

"Bingwa, wako wapi?"

"Walikufa."

"Lini?"

"Ulipokuwa kwenye kozi. Mmoja siku ya tisa, wengine baadaye. Vidonda vilioza."

Nukta aligeuza kiti, akamtazama. Mwanamume huyu alimchumbia kwenye daftari la majaribio. Siku ile alifungua ukurasa wa kuandika uzito wa panya, akakuta pameandikwa kwa wino mwekundu: *Nataka kuzeeka na wewe. Jibu kwa ndiyo au ndiyo.* Alicheka mpaka panya wakashtuka vizimbani. Akaandika ndiyo, mara mbili.

Sasa mwanamume yule yule alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mpenzi wangu, nisikilize. Nimeshawaambia watu wote kwamba dawa imefaulu. Mkuu wa idara anajua, nyumbani wanajua, mtaa mzima unajua. Nitauficha wapi uso huu? Na jina lako ndilo la kwanza, Nukta! Nimekutanguliza wewe mbele yangu. Nani amewahi kumfanyia mchumba wake hivyo?"

"Umenitanguliza ili nikizama wewe unitumie kama daraja."

"Nakupenda!"

"Basi andika kwamba panya sita walikufa. Tuandike ukweli, turudie kazi. Nitakaa na wewe mwaka mwingine, miaka mitatu, sijali."

"Nikiri mbele ya watu kwamba nimeshindwa? Mimi?"

"Wewe. Una nini ambacho wengine hawana?"

Simu ya Nukta ikalia mezani. Ujumbe ulitoka kwa mdogo wake: *Dada kadi za harusi zimetoka! Shemeji katokea kichwa kikubwa kama boga. Zirudishwe au tuwaachie wageni wacheke?*

Bingwa aliusoma kwa jicho la pembeni, akainuka taratibu. Uso ulikuwa umebadilika.

"Tia alama," alisema, akionyesha kioo.

Akaunti ya jarida ilikuwa ya Nukta, na kabla ya kitufe cha kutuma palikuwa na kiboksi kimoja: *Nathibitisha kuwa picha hizi ni za kweli na hazijabadilishwa.*

"Sitii."

"Tia, nimesema."

"Sitii hata ukinikata mkono."

Kofi lilimkuta kabla hajafunga mdomo. Kichwa kikagonga ukuta, masikio yakamvuma. Mkono uliomvika pete, leo ulimvika kofi.

Nukta aliramba damu kwenye mdomo wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, watu walidhani upepo utambeba. Aliinamia meza ya pembeni, akakwapua kifuniko cha waya cha kizimba, akakitupa kwa nguvu zake zote. Kilimchana Bingwa juu ya jicho.

"Unanipiga mimi?" Bingwa alinguruma.

"Ulidhani umechumbia mto wa kulalia?"

Bingwa alimrukia. Kiti kilipinduka, chupa zikaporomoka kwenye rafu moja baada ya nyingine. Nukta alimng'ata mkono, akamtia kucha shavuni, akampiga teke la goti. Bingwa alimkamata nywele, akamburuta hadi mezani, akamkandamiza uso juu ya kibodi. Shavu lake lilibonyeza herufi, na katikati ya andiko lile alilolifua wiki nzima zikamiminika g mia, g elfu, mistari na mistari.

"Ona unachofanya!" Bingwa alifoka huku akifuta zile herufi kwa mkono mmoja, mwingine umemkaba shingo. "Ona unavyotuharibia!"

"Niue," alisema Nukta, pumzi zikimkata. "Niue, halafu uwadanganye kwamba nimepona. Si umezoea?"

Bingwa alimshika kiganja, akakibandika juu ya kipanya, akakandamiza kidole chake mpaka kiungo kikalia kah! Alama ikaingia kwenye kiboksi. Akakisogeza kwenye kitufe cha kutuma, akakandamiza tena.

*Asante. Andiko lako limepokelewa.*

Alimwachia. Nukta aliteleza mpaka sakafuni. Bingwa alikaa kwenye kiti, akahema, akacheka kidogo, kisha akainama na kumbusu pale pale alipompiga.

"Imekwisha, mpenzi. Kanawe uso. Baadaye utanishukuru."

Busu lile lilimuuma Nukta kuliko kofi.

Mlango uligongwa.

"Bingwa! Upo?" Ilikuwa sauti ya mlinzi wa jengo. "Mama yako huyu! Ngazi zimemshinda, nimembeba kama mchumba wangu!"

Kabla Bingwa hajasimama, mlango ulisukumwa. Mlinzi, mtu wa miraba minne, aliingia akimsaidia kutembea mwanamke mnene aliyefunga mguu wa kulia kwa kitambaa kuanzia kwenye goti hadi kisigino.

"Mwanangu, nimekupigia simu mara sita hupokei," mama alianza. "Ile dawa imeniishia, na mguu jana haukunipa..." Akaona chupa zilizovunjika, damu kwenye kibodi, mkwe wake mtarajiwa chini. "Haya! Kumetokea nini hapa?"

"Rafu imeanguka, mama," alisema Bingwa haraka. "Twende nyumbani."

Nukta alijiinua kwa kushika mguu wa meza.

"Dawa gani, mama?"

"Si hii yenu, mwanangu! Maji ya moto yaliponimwagikia, wiki mbili zilizopita, watu walitaka kunipeleka hospitali. Nikawaambia, mwanangu ni bingwa, ana dawa yake, hospitali watakuja kuiomba. Kanikataza nisikuambie. Alisema ni mshangao wa harusi."

Harufu ikamfikia Nukta. Haikuwa harufu ya majani. Alipiga magoti mbele ya mama, akaanza kufungua kitambaa kwa vidole vyake, kimoja kimevimba kama mhogo. Tabaka la mwisho lilikuwa limegandamana na nyama. Kidonda kilikuwa cheusi pembezoni, cha kijani katikati, na juu yake wekundu ulikuwa unapanda kuelekea pajani.

"Inapona, sivyo?" mama aliuliza. "Mwanangu ananiambia ikinuka ndiyo inavuta uchafu."

"Mwambie," alisema Nukta bila kugeuka.

"Nukta, nyamaza."

"Mwambie panya wangapi walikufa."

"Nimesema nyamaza!"

"Panya wanahusiana nini na mguu wangu?" mama aliuliza.

Bingwa aliokota kigoda cha chuma, akakiinua juu ya kichwa cha Nukta. Mlinzi alimwachia mama, akaruka na kumdaka kiunoni. Walisukumana, wakagonga meza, kigoda kikamponyoka Bingwa kikavunja dirisha. Bingwa alimpiga mlinzi kichwa cha pua, akajinasua, akamwendea Nukta tena. Mama akajitia katikati.

"Utanipiga na mimi?"

Bingwa alikuwa kama gari lisilo na breki. Bega lake lilimkumba mama kifuani. Mama alianguka, mguu mbovu ukatangulia sakafuni, juu ya vigae vya chupa.

Ukelele alioutoa ulisikika mpaka barabarani.

Bingwa aliganda. Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Mlinzi, pua inavuja damu, alimjia nyuma, akampinda mikono yote miwili, akamlaza kifudifudi mezani. Safari hii hakupigana.

"Sita," alisema, shavu juu ya kibodi.

"Sita nini?" mama aliuliza akilia.

"Sita, mama. Walikuwa kumi na wawili. Sita walikufa kwa kuoza."

"Ulijua kabla hujanipaka?"

"Panya si mtu! Nilijua kwa mtu itafanya kazi. Nilijua! Sijawahi kukosea, mama, we mwenyewe si unajua sijawahi..."

"Na mimi ulinihesabu wa ngapi?" alisema mama. "Wa kumi na tatu?"

Bingwa alifumba macho.

Nukta alinawa mikono kwenye karo. Alikiosha kidonda cha mama kwa maji safi, akakifunika kwa bandeji mpya, kisha akamwomba mlinzi amsogeze yule mwanamume kutoka mezani. Alijaribu kuvua pete. Haikutoka, uvimbe ulikuwa umeenea mkono mzima. Akaiacha hapo hapo, akavuta kibodi na kuandika kwa mkono wa kushoto:

*Mhariri mpendwa, andiko lililotumwa kwa jina langu muda mfupi uliopita naomba liondolewe. Kidole ni changu, nia si yangu. Panya namba saba alikufa. Picha ya siku ya kumi na nne ni ya panya mwingine ambaye hakuwahi kuungua. Watano wengine ni vivyo hivyo. Picha zote asilia nimeambatanisha. Msimpake mtu yeyote dawa hii.*

Akaisoma mara moja, akarekebisha herufi moja iliyokosewa, akatuma. Hakuna aliyemshika mkono.

Kisha akampigia simu mdogo wake.

"Dada! Umeona kadi?"

"Nimesoma ujumbe wako. Usizigawe."

"Kwa sababu ya kichwa? Dada, nilikuwa natania tu!"

"Usizigawe hata moja. Nitakueleza. Njoo hospitali, na uje na nguo za kubadili, zangu zina damu."

Mlinzi alikuwa ameshaita gari, na sasa alimshikilia Bingwa kwenye korido akisubiri askari. Wanawake wawili walibaki chumbani peke yao. Mama aliegemea ukuta, jasho likimtiririka, homa inampanda. Alimshika Nukta mkono ule ule uliovimba.

"Mwanangu, wewe una moyo. Nakuomba kitu kimoja. Waambie askari rafu iliwaangukia. Ni mtoto wangu wa pekee. Nimelewa mapenzi yake tangu anazaliwa, sina mwingine. Mfichie. Uchumba vunja, sitakulaumu, lakini mfichie."

Nukta alimtazama mama huyu aliyempenda tangu siku ya kwanza, aliyemwita binti hata kabla ya posa. Machozi yalimtoka, lakini sauti haikutetemeka. Gari lilipiga honi chini. Aliinama, akaupitisha mkono wa mama shingoni mwake, mahali palipokuwa bado na alama za vidole vya mwanawe, akamnyanyua.

"Mama, nisikilize vizuri, kwa sababu sitasema mara mbili. Sasa hivi nakupeleka hospitali. Nikishakuacha mikononi mwa madaktari, nitakwenda polisi na uso huu huu, nitasema mwanao amenipiga, na nitasema alichokupaka. Sitapunguza neno. Na kesho asubuhi nitakuja wodini kukubadilisha bandeji, na keshokutwa, na kila siku mpaka utembee mwenyewe. Hata ukinigeuzia uso ukutani, nitakuja. Nakuahidi yote mawili, mama."