Utepe Mweupe Kwenye Breki za Faustina

— Fau, nani kagusa breki za gari hili?

Swali lilitoka chini ya pikapu yangu, gereji ya Mafiati, Mbeya. Niliona viatu tu. Mwenye viatu ni Gwakisa, fundi wangu, na ndiye aliyetuma barua ya posa kwa baba yangu kule Ilula, Iringa. Wiki ya tatu hiyo, jibu hakuna.

— Hajagusa mtu. Si wewe tu?

Akatoka amelowa mafuta ya breki, kashika kipande cha utepe mweupe, mwembamba.

— Nimekitoa kwenye nati ya paipu. Mimi sifungi utepe kwenye breki hata siku moja. Nikikukabidhi gari, kavu. Ukirudi kutoka Iringa, gurudumu la nyuma limelowa. Huko una fundi gani?

Mwezi mmoja nyuma yeye mwenyewe ndiye aliyeng'oa breki za drami za nyuma akaniwekea za diski, kwa kuwa nabeba mchele kutoka Igawa na zile za zamani zilikuwa zinazidiwa na magunia. Safari ya kwanza zikavuja. Akarekebisha. Ya pili zikavuja, na ya tatu pia. Mimi breki naijua pedeli yake tu, sasa nijibu nini?

— Gwakisa, nashusha mchele Iringa mjini, nalala kwa baba Ilula, Jumapili misa, narudi. Fundi atoke wapi?

Simu yangu ilikuwa juu ya boneti. Meseji ikaingia, na mwenzangu akawahi kuisoma.

"Dada Fau, safari hii waambie wacheki breki vizuri. Usije ukanipandisha presha. Isihaka."

— Isihaka ndiye nani?

— Mteja wangu wa mchele Iringa, aliyaona matone nikishusha mzigo. Mkewe Batuli ndiye kanishonea hili gauni.

— Ana mke, halafu presha impande kwa ajili yako?

— Una wazimu?

— Sina. Lakini nikikuta utepe tena, namtuma mshenga akaichukue barua yangu.

Aliyasema hayo huku anafuta spana, hanitazami. Iliniuma sana. Unajiteteaje kwa kosa ambalo hata hulijui?

Jumamosi nikiwa Igawa, magunia yanapakiwa, nilimpigia.

— Gwakisa, kama hunitaki sema. Usisingizie breki.

— Nakutaka. Ndiyo maana nataka kujua.

— Kujua nini?

— Anayeligusa gari lako.

Akakata. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama mwanaume huyu ananipenda au ananichunguza.

Jumapili baba alisali misa ya kwanza kama kawaida yake. Mimi nilikwenda ya pili na baba mdogo Joachim, ambaye njia nzima alikuwa ananiambia fundi wa Mbeya hafai kuoa kwetu. Padri hajamaliza mahubiri, nikatoka. Moyo haukutulia.

Nafika nyumbani, namkuta Gwakisa kajibanza kwenye ukuta wa jiko.

— Wewe! Umefikaje hapa?

— Kwa basi, jana. Nimelala mjini. Nyamaza, yupo chini ya gari.

Kweli. Mabuti mawili ya shambani yalikuwa yamechomoza chini ya pikapu. Nikayatazama, nikahisi nayajua, lakini kabla sijafungua mdomo Gwakisa alishayakamata na kuvuta kwa nguvu zote.

Akatoka baba yangu, Mzee Aroni, mgongo umejaa vumbi, kauma kiviringo cha utepe mweupe kwa meno.

Gwakisa akapiga magoti.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Mbeya ndivyo mnavyosalimia wakwe?

— Baba, ulikuwa unafanya nini huko chini? nikauliza.

Akatema utepe.

— Safari ile ya kwanza niliona matone. Nikajua Joachim akiyaona atasema huyu kijana gari la mchumba wake tu limemshinda. Nikafungua nati, nikazungushia utepe. Bomba zangu za kumwagilia nyanya zote nazifunga hivi, hazivuji. Lakini hili kila nikifunga linazidi, kwa hiyo kila Jumapili nafunga upya. Nilikuwa nakusitiri, kijana.

Gwakisa alishika kichwa.

— Baba, paipu ya breki inaziba pale mdomoni, chuma kwa chuma. Utepe unaizuia isikae, mafuta yanapita.

— Kumbe mimi ndiye ninayelivujisha?

— Tangu safari ya pili. Ile ya kwanza... — akanitazama kwa aibu — ya kwanza ni mimi, Fau. Nilirudishia washa za zamani, vile vipete vya shaba vya kuzibia mafuta kwenye kalipa ya breki. Washa zikishabanwa mara moja hazizibi tena. Nilikuwa na haraka uone diski mpya. Uliporudi nikazibadilisha kimya kimya.

Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka.

— Mmoja ananificha, mwingine anamsitiri anayenificha! Na anayeteremka na magunia kumi nyuma ni nani? Ningekufa Mafinga huko mngesema nini? Na wewe, makosa yako ukayaficha, ukaja kunitafutia bwana!

Baba alikuwa anakung'uta suruali ambayo haikung'utiki.

— Nisamehe, Faustina, alisema Gwakisa. Nilikuwa naogopa.

— Unaogopa nini?

— Wiki tatu hamjibu barua. Nikadhani kuna mwingine, na baba anatafuta namna ya kuniambia hapana.

Nikamgeukia baba.

— Na wewe kwa nini hujajibu?

— Nilishajibu, akasema baba polepole. Siku tatu tu baada ya kuipokea. Nimeandika tumekubali, karibuni kwa mahari. Bahasha iko ndani ya Biblia.

— Sasa mbona hukuituma?

— Nilikuwa nasubiri kwanza gari liache kuvuja.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikacheka huku nalia. Gwakisa naye akakaa. Baba akaingia ndani kuileta barua.