Jiwe Lisilouzwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpelekea baba yake chai kwenye karakana ya mabati nyuma ya nyumba. Binti huyo alipewa jina hilo na baba mwenyewe, kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Baba alikuwa fundi wa mawe ya makaburi. Alikata, akasugua, akachonga majina, na vumbi jeupe lilimkaa kwenye nyusi mpaka akaonekana mzee kabla ya wakati.

"Wateja wangu ni waungwana," alipenda kutania. "Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Siku hizi utani huo aliumaliza kwa shida, pumzi ikimkatikia njiani. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limeacha makovu kwenye mapafu yake, na hilo daktari alishawaambia. Lakini sasa kulikuwa na jipya. Miguu ilivimba hadi viatu vikagoma kuingia, na kutoka karakanani hadi mlangoni alitembea ameshika ukuta.

"Usimwambie mama yako wala daktari," alimwonya Chiriku. "Nimepima presha duka la dawa, iko sawa kama ya kijana. Daktari akijua atanikataza kazi, na hapo tutakula nini?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Macho yake yakaangukia jiwe la kijivu lililoegemezwa pembeni, zuri kuliko yote, ambalo baba alikataa kumuuzia mteja yeyote.

"Baba, hili ni la nani?"

"La mtu mmoja hivi," baba alijibu, akaishika patasi yake bila kumtazama.

Chiriku alielewa. Chai ilimmwagikia mkononi na hakusikia moto wake.

Siku ya kliniki mama alikuwa kazini, hivyo Chiriku ndiye aliyemsindikiza baba. Baba alihakikisha wamefika mapema, akakaa kwenye benchi hadi pumzi ikatulia. Ndivyo alivyofanya kila mara. Alipoitwa, chumba kilikuwa hapo hapo mkabala.

"Unaendeleaje, fundi?" daktari alimuuliza.

"Vizuri tu, daktari. Naruka kama swala."

Muuguzi alimbana kidole kwa kifaa cha kupima oksijeni. Namba hazikuwa mbaya. Daktari alishika kalamu aandike, na Chiriku akaona kwamba yeye akinyamaza sasa, lile jiwe litapata mwenyewe.

"Si kweli!" aliangua kilio. "Baba hafiki mlangoni bila kushika ukuta. Na miguu yake imevimba, mwangalie!"

"Chiriku!" baba alifoka.

"Nisamehe, baba. Sitaki lile jiwe liwe lako."

Daktari alimbonyeza baba mguuni, na shimo la kidole likabaki pale pale. Akamtembeza kwenye korido akiwa na kile kifaa. Kabla ya kufika mwisho, midomo ya baba iligeuka rangi na namba zikaporomoka. Siku hiyo hiyo akapimwa moyo.

"Una presha ya mapafu, siyo ile ya kupimwa mkononi," daktari alieleza. "Makovu yamebana mishipa ya damu ndani ya mapafu. Moyo unasukuma kwa nguvu kupita kiasi, na upande wa kulia umetanuka. Ndiyo maana unavimba."

"Nitapona?"

"Makovu hayafutiki, sitakudanganya. Ila oksijeni na dawa za kupunguza maji mwilini zitakusaidia. Vumbi, basi tena. Ungeendelea kuficha, tungekupoteza."

Baba aliinamisha kichwa, asitanie.

Maisha yalibadilika. Baba alibaki kuchora herufi kwenye karatasi, mafundi wengine wakizichonga kwenye karakana zao. Kipato kilipungua, na mama akaongeza saa za kazi, akawa anarudi nyumbani amechoka hoi. Hata hivyo, uvimbe ulishuka na viatu vikaingia tena.

Baba aliomba lile jiwe la kijivu lilazwe juu ya matofali, katikati ya geti na mlango. Jioni moja alikaa hapo kupumzika, mrija wa oksijeni puani, akamwita bintiye.

"Mwanangu, daktari hana macho ya kuona kila kitu. Nilimficha ugonjwa, nikakubebesha na wewe siri isiyokufaa. Ukiumwa, sema. Na mtu wako akiumwa akakuambia unyamaze, sema vilevile."

"Na akikasirika?"

"Afadhali akasirike akiwa hai," baba alisema. Akampa mkono, wakatembea polepole hadi mlangoni.