Jini wa Mlango wa Mkomani

Asubuhi ile uwanjani Mkunguni, Lamu, palijaa kama penye harusi. Punda walipita na magunia ya mchanga, wazee walikuwa baoni mbele ya ngome, na Famau, mwongozaji wa watalii, kofia ya viua kichwani, aliwasimulia wageni wake mambo ya mizinga. Punda mmoja akapita bila adabu. Binti aliyekuwa akimkwepa akajikuta ameshika bega la Famau. Chini ya buibui lilichungulia gauni la rangi ya ndimu, na harufu ya asumini ikabaki hewani hata mkono ulipoondoka.

"Samahani, kaka. Nilidhani ni ukuta."

"Ukuta huu uko hapa kila siku, dada. Karibu kuegemea."

Namba ya simu ya binti huyo Famau aliipata kwa Bi Tima muuza ukwaju, ambaye hakuna jambo la Lamu lisilomfikia. Binti anaitwa Swabra, kalelewa Malindi, amekuja kumtunza bibi yake. Kwa wiki tano walizungumza kila alasiri, Swabra akianika leso juu ya paa, Famau akimwelezea vichochoro kwa sauti ya chini mpaka Swabra akahisi mji mzima unaelea. Nyumba ya bibi yake ni ipi, alikataa kusema, na Bi Tima naye alimwomba afiche. Wewe si ndiye mjuzi wa mji, alimtania, nitafute.

Jumanne moja Famau aliwasimamisha wageni mtaani Mkomani, mbele ya mlango wa nakshi, akawapa hadithi yake anayoipenda kuliko zote: humu mna bibi harusi wa kijini, huchana nywele juu ya paa, na kila anayekuja kuposa hurukwa na akili. Aliizua mwenyewe miaka minne nyuma, kwa sababu wageni walikuwa wakisinzia.

Mlango ukafunguka. Swabra alisimama pale, unga mpaka kwenye viwiko.

"Endelea, Famau," alisema polepole. "Jini mwenyewe ndiye mimi."

Tangu hapo simu za Famau hazikupokelewa. Yaliyobaki aliyapata kwa Bi Tima. Mwaka huo posa mbili za kumtaka Swabra zilitumwa nyumba ile na zote ziligeukia njiani. Hadithi ilitoka kwa wageni ikaingia kwa wapagazi, kutoka kwa wapagazi ikaingia majikoni, na huko ndiko posa huvunjikia.

Famau alikwenda kwa mama yake, Bi Zuhura, akamwomba akampose Swabra.

"Nyumba ile ina jini, mwanangu."

"Mama, jini yule nimemzua mimi."

"Hata kama. Miaka minne anatajwa, ameshahamia."

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Famau alisimama mbele ya ngome, watu wakiwa tele, akasema yote kwa sauti inayotetemeka: kwamba hakuna jini, kwamba aliuza jina la nyumba ya watu apate kusifiwa na wageni. Walimcheka mpaka bao likamwagika. Wenzake wakambandika jina la Bwana Jini, na wageni wa kesho yake wakachukua mwongozaji mwingine.

Jumapili Bi Zuhura alijifunga leso mpya, akakusanya dada zake wanne na sinia la halwa, akapanda Mkomani. Famau, kama desturi inavyotaka, alibaki nje dakani, kwenye kibaraza cha mlango, juu ya benchi la mawe, jua likiteleza taratibu kwenye chokaa. Simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Hapa chini yako."

"Mama yako amekagua vyumba vyote, mpaka chooni. Sasa amekaa kitako, ananiuliza kama najua wali wa nazi."

"Swabra, nilikukosea."

"Najua. Ijumaa nilikuwa kwa shangazi, kando ya ngome. Nilisikia. Ulitetemeka, maskini roho yangu."

"Mama ameshauliza lile jambo?"

"Ameuliza. Bibi amesema jibu ni langu."

"Na wewe?"

"Usikate simu."

Akasikia hatua zake zikivuka sakafu, minong'ono ya wanawake ikikatika, kisha maneno machache ambayo hakuyashika. Vigelegele vikapanda. Cha kwanza kilikuwa cha Bi Zuhura mwenyewe, kikamfikia kwa simu na kwa dirisha kwa pamoja, kimoja sikio hili, kimoja lile.