Mawese kwenye Glavu za Kaka

Kila Jumamosi Dorcas alimsaidia mama yake kuchemsha mawese nyuma ya nyumba yao, pembezoni mwa mji wa Kasulu. Mama aliyatia kwenye chupa na kuyauza sokoni. Dorcas, aliyekuwa darasa la sita, alichochea moto na kuengua povu.

Mwaka huo wa 2014 kaka yake, Leonidasi, alikuwa kwenye mafunzo ya mafundi wa laini za umeme. Walifundishwa kutengeneza nyaya za msongo mkubwa zikiwa na umeme, ili hospitali na mashine za kusaga zisikatiwe umeme kila mara. Kila mwanafunzi alikabidhiwa glavu ndefu za mpira azitunze mwenyewe.

"Hizi si za kuchezea," Leonidasi aliwaambia nyumbani. "Mpira huu ndio unaonitenga na kifo."

Jumamosi hiyo mama alikwenda dukani kwa Hilali kutafuta chupa. Huku nyuma sufuria ikaanza kufurika, na vitambaa vya kuipulia vilikuwa vimelowa. Asmahani, jirani na rafiki wa Dorcas, alikuwa amekaa juu ya kinu akimtazama.

"Ipua basi! Au unangoja mama yako aje akuipulie?"

Dorcas akakimbilia ndani, akavaa glavu za kaka yake, akaipua sufuria. Mafuta yakaruka, yakaingia hadi ndani ya glavu ya kulia.

"Yoo! Umeona sasa?" Asmahani akasema.

"Usimwambie mtu."

Waliziosha kwa sabuni, wakazikausha kivulini, wakazirudisha kwenye mfuko wake. Zilionekana kama mpya.

Jumatatu asubuhi Leonidasi alizikagua kama alivyofundishwa. Alikunja mdomo wa glavu ili hewa ibaki ndani, akaibana, akaiweka sikioni kusikiliza kama inavuja. Haikuvuja. Alisita kidogo, akainusa, kisha akaitia mfukoni haraka.

"Leo tunashika waya wenye umeme kweli, mama. Niombee."

"Mungu akutangulie, mwanangu."

Dorcas aliinamia uji wake. Hewa haikuvuja, alijiambia, basi glavu ni nzima. Hata hivyo aliuacha uji nusu.

Kiwanja cha mafunzo kilikuwa njiani kwenda shuleni, na watoto walizoea kusimama kwenye uzio kutazama. Dorcas na Asmahani walifika wakati Mwalimu Stanislaus, mkufunzi mwenye mvi, akizungumza na wanafunzi wake.

"Glavu ikitoboka, hewa itatuambia. Lakini ikiguswa na mafuta, mpira unadhoofika na hewa haisemi kitu. Hapo tunategemea ulimi wa mwenye glavu. Kuna mwenye neno?"

Leonidasi alitazama chini, kisha akapanda kwenye kikapu cha gari la kunyanyulia mafundi. Kikapu kikaanza kupaa.

Uso wa Dorcas uliwaka. Akisema, kaka atafukuzwa, na shule nzima itajua nani aliyeharibu. Asmahani akamvuta mkono. "Twende, kengele italia."

"Mshusheni!" Dorcas akapiga kelele. "Glavu zake zimeingia mawese! Ni mimi!"

Mwanafunzi mmoja, Venanti, akacheka. "Kumbe leo tunakwenda kukaanga nyaya!" Watoto kwenye uzio wakaangua kicheko. Dorcas akatamani ardhi immeze.

Mwalimu Stanislaus hakucheka. Aliinua mkono, kikapu kikashuka.

"Leonidasi, ulijua?"

"Nilisikia harufu asubuhi, Mwalimu. Niliogopa kufukuzwa."

Kicheko kikakatika. Mwalimu alichukua kisu, akazikata glavu zote mbili ili mtu mwingine asizivae.

"Hufukuzwi. Wiki hii utabaki chini ukifunga kamba, kisha utapata glavu nyingine na kuanza upya."

Akasogea kwenye uzio. "Binti, umekosa mara mbili: ulichukua kisicho chako, kisha ukaficha. Lakini umesema kabla kaka yako hajagusa waya." Akawageukia wanafunzi wake. "Nilikuwa na mwenzangu, Niyonsaba, hodari kuliko mimi. Glavu zake ziliingia grisi, akaona aibu kutuambia. Mkewe ndiye aliyetueleza, baada ya kumzika kule Busunzu. Mara nyingi najiuliza, aibu ile ingedumu muda gani? Labda mpaka chakula cha mchana. Nyote mnisikie: aibu ya kusema kweli hupita. Kosa lililofichwa linaweza kuua."

Venanti alivua kofia yake.

Leonidasi alikuja mpaka kwenye uzio. Hakuweza kumtazama dada yake usoni, wala Dorcas hakuweza kumtazama yeye.

"Nenda shule," alisema kwa sauti ndogo. "Jioni tutamwambia mama. Wote wawili."