Kiwimbi Kilichofuta Onyo

Kila asubuhi Fundi wa Tangi hupanda juu ya paa, hufunua mfuniko na kuchungulia maji. Kisha huandika ujumbe kwenye kundi la simu la wapangaji, maana jengo zima hutegemea matangi mawili anayoyatunza. Ujumbe wake alikuwa akiupamba kwa alama ya kiwimbi (~), kimoja mwanzo, kimoja mwisho.

"Mimi ni mtu wa maji," alimwambia mkewe. "Kiwimbi ndiyo saini yangu."

Jumanne alitia dawa ya kusafishia tangi la kwanza. Maji hayo yangefaa chooni tu. Akaandika: leo msinywe maji ya bomba. Akatia viwimbi vyake, safari hii bila kuacha nafasi kama kawaida yake, akatuma. Maneno yakatokea yamepitiwa na mstari. Akaridhika. Neno limepigiwa mstari, nani asilione?

Mchana mama yake mzazi, anayekaa chumba cha chini, alikuwa ametapika mpaka nguvu zimemwishia. Alikuwa amekunywa maji ya bomba.

"Nilisema msinywe!" Fundi alifoka uani. "Nyinyi watu hamna macho?"

"Macho tunayo!" mpangaji wa ghorofa ya pili alimjibu kutoka dirishani. "Umeandika, ukafuta! Tukajua umeghairi."

"Nimefuta lini?"

"Mstari umekata maneno katikati! Hata mama yako kasoma hivyohivyo. Unamlaumu nani?"

Mkewe, aliyekuwa chumbani akimfuta mgonjwa uso, naye akawaka. "Mimi nilikuuliza huo mstari wa nini. Ukaniambia nisikufundishe kazi. Mbishi wewe!"

Fundi alitamani kuipasua simu ukutani. Hakujua amkasirikie nani. Kesho ilikuwa zamu ya kutia dawa tangi la pili. Akikosea tena, huenda akaumia mtoto mchanga.

Kelele zilimleta jirani yao, Mama Mabango, mchoraji wa vibao vya maduka. Alikuja na kipande cha boksi na rangi zake. Hakuja kumbembeleza.

"Kaa chini, uache kutupigia makelele."

Alichora ramani. Kushoto aliweka kile unachoandika. Kulia aliweka kile wanachokiona wenzako. Katikati, mishale.

"Nyota huku, nyota huku," alisema, "neno linanenepa. Onyo lipe hiyo. Kistari cha chini huku na huku, neno linalala upande. Na kiwimbi?"

"Maji," Fundi alijibu kwa kununa.

"Maji gani! Kiwimbi kinakata neno. Unawaambia watu: hili nimeliondoa, msilifuate."

Fundi alimtazama mama yake kupitia mlango uliokuwa wazi, midomo imemkauka, amejikunja kitandani.

"Kumbe nilimruhusu anywe," alisema.

Mkewe akatoka, akampa simu yake.

Akajaribu kunenepesha neno kwa nyota. Nyota zikabaki nyota, neno likabaki jembamba.

"Simu mbovu hii!"

"Simu usiisingizie," Mama Mabango alimkemea. "Umeacha nafasi. Nyota lazima igusane na neno, mwanzo na mwisho. Halafu nenepesha neno moja au mawili tu. Ukinenepesha yote, hakuna litakaloonekana. Na kabla hujatuma kwa watu, mtumie mkeo kwanza, umuulize anaona nini."

Fundi alibandika ramani ile ukutani, juu ya meza ya simu. Jumatano asubuhi aliitazama alama moja moja, akaandika, akamtumia mkewe.

"Unaona nini?"

"Naona neno nene: msinywe. Halina mstari wowote." Mkewe hakutabasamu. "Na bado nimekukasirikia."

"Najua."

Akatuma kwa wote. Kisha akapanda paani na dawa yake.

Jioni alipita mlango kwa mlango. Ndoo za maji ya akiba zilikuwa zimefunikwa kila jikoni, na hakuna aliyeumwa. Mpangaji wa ghorofa ya pili hakuitikia salamu yake, ila alimwonyesha chupa ya maji aliyonunua dukani, kisha akafunga mlango.

Chumbani chini, mama yake alikuwa ameishika simu karibu na uso, kikombe cha maji ya bomba kikiwa mkono wa pili.

"Wewe mwanangu, maandishi manene hivi! Unamfokea nani?"

"Wewe, mama. Usinywe."

Mama yake alikiweka kikombe mbali.

"Haya. Leo nimekusikia."